Pembe za Touki Bouki ukutani kwangu: bango namba 63 kati ya 100

Bango lenyewe lina sentimita 46 kwa 61. Limechapwa kwa skrini, yaani wino unasukumwa kupitia kitambaa kilichonyoshwa kwenye fremu, kila rangi na skrini yake, kwa mkono, kwenye karatasi nene yenye weupe wa maziwa, na chini upande wa kulia pameandikwa 63/100 kwa penseli, kisha sahihi ya msanii. Nililipa euro 50, ambazo siku ile zilikuwa kama shilingi 140,000, bila kuhesabu fremu. Limekaa ukutani kwangu Ilala mwaka na nusu sasa, limepita kwenye joto la Januari na masika mawili, kwa hiyo naweza kulizungumzia kwa uhakika.

Filamu ni Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973. Kwa ambaye hajaiona: Mory na Anta ni vijana wawili wa Dakar wanaohangaika kwa kila njia kupata nauli ya meli kwenda Paris. Mory ana pikipiki, na mbele ya usukani amefunga fuvu la ng'ombe na pembe zake ndefu. Ukishaiona ile pikipiki mara moja huisahau. Mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z walipotangaza ziara yao ya pamoja, walitumia picha wakiwa kwenye pikipiki yenye pembe kama zile, na wengi wa rika langu walianzia hapo kuitafuta filamu. Mimi niliiona kwenye laptop, ile nakala iliyokarabatiwa mwaka 2008 kwa msaada wa taasisi ya Martin Scorsese. Ilikuwa usiku wa manane, hedifoni masikioni, na sauti ya Josephine Baker akiiimba Paris ikanikaa kichwani wiki nzima. Tangu siku hiyo nilitaka kitu cha filamu ile nyumbani kwangu.

Hili ni bango la pili kununua. La kwanza liliharibika, na lazima nilieleze kwa sababu ndilo lililonifundisha jinsi ya kulitunza hili. Lilikuwa la filamu nyingine, nakala 150 tu, nililichangia miezi minne. Likaja ndani ya bomba jembamba la karatasi, limebonyea katikati, lakini bado lilikuwa la kuokolewa. Nikalipeleka kwenye duka moja la fremu mjini, nikaliacha, nikarudi baada ya siku tatu. Nikalikuta limebandikwa lote kwa gundi juu ya ubao wa MDF na kufunikwa plastiki, vile vile wanavyofanya picha za harusi na mahafali. Kijana aliyenikabidhi alikuwa anatabasamu, maana kwa kweli kazi ilikuwa safi, na wateja wake wengine wote ndivyo wanavyotaka. Kosa langu ni kwamba sikumwambia kitu. Bango la namna hii likishabandikwa halibanduki, na kwa wanaokusanya limekufa. Ile plastiki nayo inaua wino: unabaki na picha tu, kama iliyotoka kwenye printa ya ofisini. Nililia ndani ya bajaji kutoka Posta mpaka nyumbani.

Sasa, kuhusu kununua. Anayeingia kwenye mambo haya atasikia jina la Mondo kabla ya jingine lolote. Ni watu wa Austin, Texas. Walianza kama duka la fulana ndani ya jumba la sinema la Alamo Drafthouse, kisha miaka ya 2000 wakaanza kuwapa wasanii kazi ya kuchora upya mabango ya filamu, kwa idhini ya wenye filamu, nakala mia chache kwa kila bango, zikiisha zimeisha. Mwaka 2010 walitoa yale matatu ya Star Wars ya Olly Moss, nakala 400 kila moja, ambapo kichwa cha mhusika ndicho kinachobeba mandhari yote ndani yake: ukiangalia haraka unaona kichwa, ukisogea unaona jangwa na majengo. Mwaka uliofuata maktaba ya Akademia inayotoa Oscar ikaanza kuhifadhi kazi zao. Upo pia mchoro wa Laurent Durieux, Mbelgiji, wa filamu ya papa ya Spielberg: ufukwe umejaa watu na miavuli, kila mtu anafurahia jua, na kipande kimoja cheusi cha mwavuli kimesimama kama pezi. Papa mwenyewe hayupo. Nimeshauangalia mchoro ule kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Lakini kuupata ni shughuli. Mabango ya namna hiyo yalikuwa yanatangazwa ghafla, mchana wa kwao, ambao kwetu Dar ni saa mbili au saa tatu usiku, na yanamalizika ndani ya dakika chache. Nimejaribu mara tatu, bando limejaa, kadi iko tayari, anwani nimeshaijaza, na mara zote tatu nimefika kwenye ukurasa wa malipo nikaambiwa hakuna kitu. Kesho yake asubuhi bango lile lile linauzwa na mtu mwingine kwa bei mara tatu au nne. Hawa wana jina kwa Kiswahili tangu enzi za Sokoine: walanguzi. Mimi kwa mlanguzi sinunui. Pesa ile yote haimfikii msanii hata senti, na bango linaingia kwenye droo likisubiri kupanda bei badala ya kuangaliwa.

Ndiyo maana niliacha majina makubwa nikatafuta wachapaji wadogo. Huyu niliyenunua kwake yuko Ufaransa, anachora na kuchapa mwenyewe. Simtaji kwa sababu nakala zote 100 zimeshatoka na amesema hatachapa tena, na sitaki watu wamsumbue. Nilichompendea kabla hata ya mchoro ni mstari mdogo chini ya bango unaosema limechapwa kwa ajili ya onyesho la filamu, kwa ruhusa ya wenye haki. Uangalie mstari huo kabla hujalipa. Mtandaoni kuna mabango mengi mazuri ya filamu ambayo mwenye filamu hajaulizwa lolote, na filamu za Afrika ndizo zinaibiwa kirahisi kwa kuwa watu wanadhani hazina mwenyewe.

Mchoro wenyewe: pikipiki inakujia uso kwa uso, dereva haonekani, pembe zimetanuka kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Katikati ya pembe mbili, mbali kabisa, kuna meli ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Basi. Anga ni waridi, barabara ni karatasi tupu isiyoguswa na wino. Hakuna sura ya mtu, na bado ukiwajua Mory na Anta unajua wote wawili wanaangalia wapi.

Mimi ni mtoto wa Buguruni. Filamu kwangu zilianza kwenye kibanda cha video, mabenchi ya mbao, kanda zenye sauti ya Lufufu akitafsiri juu kwa juu. Bango la pale lilikuwa ubao mweusi nje ya mlango: jina la filamu kwa chaki, saa ya kuanza, na kama mwenye kibanda ana mwandiko mzuri anaongeza "MOTO!!!" kwa chaki nyekundu. Kesho yake kinafutwa. Hakuna aliyehifadhi kitu. Ghana ilikuwa tofauti: miaka ya 1980 wenye video walizunguka na jenereta na televisheni mji kwa mji, na waliwalipa wachoraji watengeneze mabango makubwa kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Mchoraji mara nyingi alikuwa hajaiona filamu yenyewe. Leo magunia yale yanatafutwa na wakusanyaji Marekani na Ulaya. Ninapofikiria ule ubao wetu wa chaki nasikia uchungu wa kweli, na hamu yangu ya karatasi hizi nadhani inatoka hapo.

Bango nililetewa na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Lyon. Nilimwomba alipokee, akae nalo, aje nalo Desemba akirudi kusalimia. Akalibeba mkononi kwenye ndege, hakuliweka kwenye mizigo. Ufungaji wa yule msanii naupa alama zote. Bomba nene la karatasi ngumu, pana kiasi cha kuingiza ngumi, na refu kuliko bango kwa kiganja kizima ili ncha zisiguse kifuniko. Pande zote mbili karatasi zimekunjwa na kujazwa. Bango limezungushiwa karatasi laini, na utepe unaoishikilia umekunjwa mwisho wake kidogo, ili uufungue kwa vidole bila kugusa kisu. Kitu kidogo kile kilinifanya nijue nimenunua kwa mtu anayejali.

Nilililaza mezani likiwa kifudifudi juu ya shuka safi, vitabu vinne juu ya kadi, siku mbili. Usilikunje upande wa pili ili linyooke. Wino mnene unapasuka. Siku ya tatu nikampigia baba mdogo.

Baba mdogo alichapa fulana Kariakoo kwa zaidi ya miaka ishirini. Fulana za uchaguzi, za shule, za timu za mtaani, zote zilipita kwenye mikono yake. Utoto wangu una harufu ya wino ule. Alifika jioni, akanawa mikono bila kuambiwa, akaifuta mpaka ikakauka.

"Zima hiyo taa ya juu," akasema. "Halafu niwashie tochi ya simu. Isimulike kutoka juu, ilaze pembeni."

Nikailaza simu mezani, mwanga ukapita juu ya karatasi kama jua la saa kumi na mbili. Bango likabadilika. Kila rangi ilikuwa na ukingo wake ulioinuka, unaona kabisa nyeusi imekaa juu ya waridi kama rangi ya ukutani iliyopakwa mara ya pili. Baba mdogo akainama, miwani imemshuka puani.

"Ameanza na waridi. Halafu manjano, hapa kwenye taa. Bahari hii unaionaje, rangi gani?"

"Zambarau."

"Hana wino wa zambarau huyu. Amechukua bluu nyepesi, inayopitisha mwanga, akaipitisha juu ya waridi. Zambarau imejizaa yenyewe." Akasogeza simu taratibu kushoto. "Wewe umeambiwa rangi ngapi?"

"Nne, baba mdogo. Ameandika rangi nne."

"Rangi nne, sawa. Lakini skrini tano. Angalia pembe."

Nikainama pale alipoinama. Kwenye pembe peke yake, si mahali pengine popote, kulikuwa na mng'ao mwembamba, kama mfupa uliolowa. Wino usio na rangi, umechapwa juu ya kila kitu, kwa ajili ya pembe tu. Nilikuwa nimeliangalia bango lile kabla ya kulilaza na sikuwa nimeuona. Skrini nzima kutengenezwa, kusafishwa, kukaushwa, kisha kuchapwa mara mia, kwa kitu ambacho kinaonekana tu ukipita mbele yake taa ikiwa ubavuni. Ndipo nilipoelewa nimelipia nini.

Yeye ndiye aliyeona na kasoro. Kwenye pembe ya kushoto manjano imehama, kiasi cha nusu milimita, imetoka nje ya mstari wake mweusi. Kila mwanamke aliyenunua khanga ya haraka haraka anajua hali hiyo, ua limekaa upande na rangi yake upande. Baba mdogo akasema kwenye fulana angeiachia, lakini kwenye nakala mia angeitoa pembeni. Nakubaliana naye. Kasoro ya pili ni yangu mimi: herufi za jina la filamu ni nyembamba mno, nyeupe juu ya waridi, ukiwa mita tatu husomi. Kwa hayo mawili natoa nyota nne kati ya tano. Namba 63 haina ubaya wowote. Watu wanaohangaikia namba 1 hadi 10 wajue kwamba karatasi zinakaushwa kwenye rafu na kuokotwa hovyo, namba inaandikwa mwisho. Aliyepata namba 1 huenda amepata iliyochapwa ya themanini.

Kuhusu fremu safari hii sikumwachia mtu na kuondoka. Nilimpata mzee mmoja fundi seremala, si mtu wa fremu hasa, ana kibanda karibu na kwangu na anatengeneza milango. Nilikwenda na kila kitu kwenye mfuko: kadi mbili zisizo na asidi ambazo dada aliniletea pamoja na bango, karatasi nyembamba ya Kijapani, na kikombe cha gundi niliyoipika mwenyewe kwa wanga wa ngano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umeniletea uji?"

Nikamweleza. Bango linashikwa juu tu, kwenye kadi ya kwanza, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani vyenye ukubwa wa stempu, vimepakwa ule wanga. Pembeni na chini halishikwi na chochote. Mzee akatikisa kichwa.

"Likining'inia hivyo si litajikunja?"

"Hewa ya hapa ina maji, mzee. Karatasi inatanuka na kusinyaa. Ukiibana pande zote ndiyo inajikunja."

Akafikiri, akasema ndivyo ilivyo hata kwa mbao za mlango, ukizibana bila nafasi zinapinda. Baada ya hapo hatukubishana tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyepata jibu la kioo. Wino haupaswi kugusa kioo, kwa sababu kwenye unyevu huu wa pwani utanata, na ukiuvuta utatoka na rangi. Akachonga vijiti vya mninga vya milimita tano, akavipanga kuzunguka ndani ya fremu chini ya kioo, havionekani ukiwa mbele. Nyuma tuliweka kadi ya pili kwanza ndipo hadibodi, maana hadibodi ikigusana na karatasi inaigeuza kahawia taratibu, kisha tukaziba ukingo wote kwa utepe wa karatasi ili wadudu wasipate njia.

Fremu ya mninga, kioo na kazi vilinigharimu shilingi 95,000. Kioo ni cha kawaida. Kile kinachochuja miale ya jua sikukipata mjini kwa ukubwa huo, kwa hiyo nimelitundika kwenye korido, ukuta wa ndani, mahali ambapo jua halifiki saa yoyote. Usitundike kitu kama hiki ukuta wa bafuni, wala ukuta wa nje unaopigwa na mvua, hata kama ndipo panapopendeza. Waridi na manjano ndizo zinazokimbia kwanza zikipigwa na jua.

Jumla yangu basi ni 235,000. Ni pesa. Kwa pesa hiyo ungepata televisheni ndogo ya mtumba. Lakini nimelinganisha na lile la kwanza lililobandikwa, ambalo bado ninalo nyuma ya kabati, na tofauti si ya bei. Lile ukilipita ni picha. Hili, usiku nikitoka chumbani kwenda kunywa maji, taa ya jikoni inapiga kwa ubavu kwenye korido na zile pembe zinang'aa peke yake gizani, kila kitu kingine kimezimika.

Mwezi wa sita mwaka huu, masika yalipokwisha, nililishusha na kulipeleka kwa mzee tukalifungua pamoja. Utepe wa nyuma ulikuwa umeachia kona moja, akauziba upya bila kunidai. Kadi ilikuwa kavu, hakuna koga, vile vipande viwili vya Kijapani vimeshika kama siku ya kwanza. Mzee akapitisha kiganja juu ya karatasi bila kuigusa, akainama kuangalia kwa ubavu kama mtu anayekagua ubao uliopigwa randa. "Bapa," akasema. Nikalirudisha ukutani jioni ile ile.